Black Panther: nililia mwanzo, nikanuna mwisho

Februari 2018 nilimpeleka mdogo wangu kuangalia muvi ya Black Panther, yeye alikua form two enzi hizo na mimi ndo nimeanza kazi, kwahiyo tiketi yangu, bisi zangu, nauli yangu. Tulivyotoka ukumbini akaniangalia usoni akasema, "Dada, mwanzo umelia, mwisho umenuna, sasa umeipenda au hujaipenda?" Nikashindwa kumjibu. Njia nzima kwenye daladala anaongea yeye tu, Killmonger yule adui hivi, Okoye yule mlinzi wa mfalme vile, mimi nipo dirishani kimya. Swali lake limenikaa miaka yote hii na nimeirudia ile muvi mara nyingi sana, na kila nikirudia nalia palepale na nanuna palepale, kwahiyo leo naandika kisa chote kilivyokua.

Ieleweke kwanza ilikuaje wiki ile. Sisi tumekulia kwenye muvi ambazo mtu mweusi ndo wa kwanza kufa, dakika ya kumi tu kashaliwa na nyoka, na Afrika yenyewe ukiiona kwenye muvi ya Marekani ujue kuna jua la rangi ya chungwa, nzi, na mtoto anashika bunduki. Afu ghafla inakuja muvi ya bajeti ya dola kama milioni 200, dairekta mweusi Ryan Coogler, steringi mweusi Chadwick Boseman aliyeigiza T'Challa, mfalme wa nchi ya kubuni ya Wakanda, karibu waigizaji wote weusi, na ndani yupo Lupita Nyong'o ambaye ni wa kwetu kabisa huku Afrika Mashariki, tena Kenya wakaizindua Kisumu, nyumbani kwao, ambapo baba yake Profesa Anyang' Nyong'o ndo alikua gavana. Yupo pia Florence Kasumba aliyezaliwa Kampala, yule mlinzi wa mfalme anayeitwa Ayo. Watu walienda sinema wamevaa vitenge, wengine wamefunga vilemba, kuna mabinti wa mbele yetu walivaa shanga za Kimasai shingoni mpaka kwenye mabega. Mimi nilivaa gauni la khanga nililoshonewa kwa ajili ya harusi ya binamu yangu. Nilikua sijawahi kuvalia nguo nzuri kwenda kukaa gizani.

Sasa pale pa kulia. Ndege ya T'Challa inapita juu ya milima na msitu, ngoma inaanza kuongea, ile ngoma ya kubana kwapani ya Afrika Magharibi, sauti ya Baaba Maal wa Senegal inapanda, afu msitu unafunguka kama pazia na mji unatokea. Mimi hapo machozi yalitoka bila taarifa. Baadae nilikuja kujua zile picha za juu ya msitu na milima nyingine zilipigwa Uganda, Bwindi na Rwenzori, nikasema kumbe moyo ulikua umeshatambua, maana ule ukijani na ule ukungu sio wa kutengeneza. Muvi kwa ujumla waliigizia Atlanta, kwenye mastudio, lakini ardhi ile ni ya huku.

Na mji wenyewe! Maghorofa yamevikwa mapaa ya msonge, chini kuna soko watu wanatembea kwa miguu, juu treni inapita. Yani mtu alikaa akajiuliza swali ambalo mimi sikuwahi kuulizwa shuleni hata siku moja, kwamba tungejenga vipi kama hakuna mtu aliyekuja kutuonyesha. Hannah Beachler ndo alibuni ile miji na akapewa Oscar, na Ruth Carter aliyebuni nguo akapewa Oscar yake, na Ludwig Göransson wa muziki naye akabeba, na wale wanawake wawili ni weusi wa kwanza kushinda kwenye vipengele vyao. Walistahili kila gramu ya zile sanamu. Angalia nguo tu. Blanketi la W'Kabi, rafiki wa mfalme, ni la Wasotho, ule udongo mwekundu kwenye nywele ni wa Wahimba wa Namibia, kofia ya mama mfalme ni ya wanawake wa Kizulu walioolewa, na wale Dora Milaje, walinzi wanawake wa mfalme, wekundu wenye shanga, Carter mwenyewe alichota kwa Wamasai. Wapo wanaosema hiyo ni kuchanganya mchele na pumba, kila kabila limenyofolewa kipande. Mimi hapo sikukasirika. Niliona mtu amepanga khanga za sehemu tofauti kwenye kamba moja na upepo unazipiga zote.

Kuna kitu kingine ambacho nadhani msikilizaji wa Kiswahili anakipata peke yake na wenzetu hawakipati. Zile shanga za mkononi wanazotumia kupigia simu na kutibia watu zinaitwa kimoyo. Ki-moyo. Mdogo wangu akanipiga kiwiko, "Dada umesikia?" Nimesikia. Afu lile kabila la milimani linaitwa Jabari, jina ambalo nina mjomba analo, na mtaani kwetu kulikua na fundi baiskeli anaitwa hivyohivyo. Kwahiyo unakaa kwenye kiti unaona ulimwengu wa kubuni kabisa na kila baada ya muda unaitwa kwa jina la nyumbani.

Ila wao wanaongea Kixhosa. Ramani za hizi muvi zinaiweka Wakanda huku Afrika Mashariki na mfalme anaongea lugha ya kusini kabisa mwa bara. Sababu yake ni ya heshima, mzee John Kani aliyeigiza baba yake T'Challa ni Mxhosa, na walivyokua wanatengeneza ile Captain America ya 2016 yeye ndo aliyeongea lugha ya mama yake, wakaipenda, ikawa lugha ya nchi nzima. Siwezi kumgombeza mzee kwa kuongea lugha yake. Na ukitega sikio Kixhosa hakipo mbali, wao wanasema umntu sisi tunasema mtu, wao inyama sisi nyama. Ila niliumia kidogo, nisiseme uongo. Lugha inayoongewa kuanzia Mombasa mpaka Bukavu, lugha ambayo ingekua ya majirani wa Wakanda wenyewe, imebaki kwenye jina la shanga na jina la kabila.

Hilo lilikua dogo. Twende museum.

Kama umeiona unakumbuka, Killmonger yupo kwenye jumba la makumbusho London, kasimama mbele ya kioo, mama wa kizungu anakuja na kikombe cha kahawa kumuelezea hiki cha Waashanti, hiki cha Benin. Kijana anauliza kwa upole kabisa, mababu zenu walivipataje hivi vitu, mnadhani walilipa bei halali, au walichukua tu kama walivyochukua kila kitu kingine? Ukumbini watu waliguna. Sio kelele, ni ule mguno wa msibani mtu akisema jambo ambalo wote mnalijua na hakuna aliyekua analitaja. Mimi hapo nilisahau kabisa kama naangalia muvi ya masupahiro, kwasababu kichwani niliona vitu vyetu kimoja kimoja. Ngadji, ile ngoma takatifu ya Wapokomo wa Tana River, Waingereza waliwanyang'anya 1902 na mpaka leo ipo kwenye stoo za British Museum, Wapokomo wanaomba irudishwe. Lile dinosaria la Tendaguru kule Lindi, mifupa ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, ikabebwa na wapagazi wetu vichwani mpaka bandarini, leo limesimama Berlin lina urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu, na mtoto wa Lindi akitaka kuliona aombe viza. Fuvu la Mkwawa tu ndo lilirudi, 1954, zaidi ya nusu karne tangu Mjerumani alikate, lipo Kalenga mkoani Iringa, nimelisimamia mwenyewe mbele ya kioo, dogo, la rangi ya kahawa, na mwongozaji anaongea kwa sauti ya chini kama kuna mtu amelala.

Kwahiyo Killmonger alivyouliza lile swali aliniulizia mimi. Na hapo ndo muvi ilinishika shati, nikasema haya sasa, twende, jibuni.

Hawakujibu. Hiki ndo kiini cha kununa kwangu na nakisema bila kuzunguka. Kuanzia pale muvi inafanya kazi kubwa ya kuhakikisha yule anayeuliza maswali ya kweli anakua mtu wa kuchukiza. Yule mama wa museum kashawekewa sumu kwenye kahawa. Demu wake mwenyewe, Killmonger anampiga risasi bila kupepesa. Akifika Wakanda anamkaba koo bibi kizee mtunza bustani na anachoma mimea yote ya wafalme. Yani kila akisema neno la haki, dakika mbili mbele lazima afanye unyama, ili wewe kwenye kiti usipate nafasi ya kusimama upande wake. Mtoto aliyeuliwa baba na ami yake, huyohuyo baba yake T'Challa, akaachwa Oakland, Marekani, peke yake na maiti, 1992, na nchi nzima yenye uwezo wa kumchukua ikamficha kama uchafu chini ya mkeka, huyo ndo adui. Na mwenye kiti ndo steringi. Michael B. Jordan aliigiza vizuri mno ndo maana ile hila ikaonekana, angekua muigizaji wa kawaida tungepita tu.

Niseme haki ya upande wa pili maana nimeirudia na naijua. T'Challa anapokufa nusu na kwenda kwa wahenga anamwambia baba yake na wazee wote pale, mlikosea, wote mlikosea kuupa dunia mgongo. Hiyo ipo. Boseman aliisema kwa sauti ya mtu anayevunja adabu kwa mara ya kwanza maishani, na kwa sisi tuliolelewa kutomjibu mzazi ile sini ni nzito sana. Lakini wanaoambiwa ni wafu. Walio hai hawaambiwi mbele ya watu. Na dawa inayotolewa mwishoni ni kununua majengo Oakland, kufungua kituo cha misaada na masomo, na kwenda Vienna kuhutubia Umoja wa Mataifa. Oakland ni sawa, damu yao ipo kule. Ila mimi nilikaa mpaka majina yote yakaisha nikisubiri mtu amkumbuke jirani.

Hapa naomba nikae kidogo kwasababu mama yangu ni mtu wa Bagamoyo. Kama Wakanda ipo Afrika Mashariki basi wao hawakuziona meli za Atlantiki, wangeona misafara. Wangeona watu wamefungwa minyororo na magogo shingoni wanatembea miezi kutoka bara, kutoka Ujiji na Tabora mpaka pwani, pembe za ndovu mabegani, wengine wanaachwa njiani, wanavushwa kwa jahazi mpaka Unguja, soko la Mkunazini ambalo lilikuja kufungwa 1873 na leo pamejengwa kanisa. Na waliokua wanawaswaga wengi wao ni watu wa pwani, wanaoongea lugha hiihii ninayoandika. Haya mambo hayakutokea mbali na Wakanda, yalitokea mlangoni kwao, nyuma tu ya lile pazia la msitu nililolililia mimi. Killmonger anakufa anaomba atupwe baharini pamoja na mababu zake walioruka kutoka melini kwasababu walijua kifo ni bora kuliko utumwa, na mimi kila nikisikia najiuliza, na wale wa njia ya Tabora, ambao hawakua na bahari ya kurukia, wao nani anawasemea? Hasira ya muvi ni ya Mmarekani mweusi, ni yake kweli na ameibeba miaka 400, sitaki kumnyang'anya. Ila alikuja kuisemea nyumbani kwetu na sisi tukawa mandhari.

Afu kuna yule mzungu wa CIA, Everett Ross. Anapigwa risasi, anatibiwa na Shuri, mdogo wake T'Challa, na mwishoni ndo anapewa kazi ya kuzitungua ndege za Killmonger zilizobeba silaha, anaikoa dunia akiwa kwenye kiti cha rubani ndani ya Wakanda. Kwa mtoto wa Ohio labda ni sawa. Mimi nina baba ambaye ukitamka CIA mbele yake anakutajia Lumumba hapohapo, kwasababu Wamarekani wenyewe walikuja kukiri kwenye uchunguzi wa bunge lao kwamba CIA walipanga kumuwekea sumu, na Januari 1961 akauawa kule Katanga. Unanipa shujaa wa CIA kwenye nchi ya Afrika ambayo haijawahi kutawaliwa? Hapo ndo mdogo wangu aliniona nimekunja mikono kifuani, akadhani nafanya ile saluti ya Wakanda.

Pigano la mwisho kule mgodini silisemei sana, paka wawili wa kompyuta wanarushana kwenye reli, hawana uzito, ukilinganisha na lile pigano la maporomoko ambapo unaona mtu anahema na maji yanampiga usoni, unajua kabisa wapi mkono wa binadamu ulishika na wapi haukushika. Basi.

Nilivyofika nyumbani siku ile nilikua nimeshaamua kwamba tatizo ni langu, ninachambua sana, watu wengine wanaenjoi. Kilichonibadilisha ni kibanda umiza. Kama miezi mitatu baadae mdogo wangu akaja mbio, "Dada wanaionyesha Panther pale kwa jirani, ya kutafsiriwa!" Kiingilio mia tano, mabenchi ya mbao, mabati juu, joto la kufa mtu, TV moja na spika mbili zimefungwa kwa mipira ya ndani ya baiskeli. Na mtafsiri yule sijui alikua nani, sauti yake inaingia juu ya sauti za waigizaji, Kizungu kinashuka chini, Kiswahili kinapanda. M'Baku, yule mkuu wa Jabari, alivyombwekea mzungu anyamaze, kibanda chote kikabweka nae. Okoye alivyovua wigi lake kule Busan, Korea Kusini, akamrushia yule mbabe usoni, kuna mama alikua amesimama mlangoni na ndoo ya maji kichwani akapiga kigelegele, ndoo haikutikisika.

Ila nilichokiendea mimi ni pale mwisho. Killmonger kachomwa kisu, wamepanda juu kuangalia jua linazama, T'Challa anamwambia labda tunaweza kukutibu. Mtafsiri mpaka hapo alikua anaongea mbio na utani mwingi, akapunguza. Akatafsiri taratibu, nizikeni baharini, walipo babu zangu. Afu akanyamaza, hakuongeza neno, akaacha kile kinanda na filimbi vipite. Kibanda kimya, unasikia feni tu. Na mzee mmoja muuza kahawa, birika lake ameliweka katikati ya miguu, akauliza kwa sauti bila kumlenga mtu yeyote, "Sasa huyu mtoto kosa lake nini?"

Hakuna aliyemjibu. Kijana mmoja wa bodaboda akaanza, "Mzee, si alikua anataka kuua watu..." akaishia hapohapo. Mzee akasema, "Namuulizia alivyokua mtoto."

Mimi nilihisi kama nimetuliwa mzigo. Mzee hakusoma uchambuzi wowote, hajui Oscar, hajui kama ile muvi iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3 na ingekuja kuwa ya kwanza ya masupahiro kugombea Oscar ya filamu bora, na alikikuta kidonda palepale nilipokikuta mimi. Wakati tunarudi nikamwambia mdogo wangu, unaona, sio mimi peke yangu. Akafikiri, mtoto ana akili huyu, akasema, "Lakini Dada, kama wangemfanya mzuri angeshinda, na angeshinda ingekua vita dunia nzima. Wangefanyaje?" Nikamwambia wangemuacha aishi. Wangemuacha apone, akae kwenye lile baraza la wazee na hayo maswali yake, wamsikilize kila siku asubuhi wakitaka wasitake. Akasema muvi haiishagi hivyo. Nikasema najua, ndo nimenuna.

Agosti 2020 Boseman akafariki, miaka 43, saratani ya utumbo, na tukajua kwamba alikua anaumwa tangu 2016, maana yake mapigano yale ya kwenye maji aliyafanya mgonjwa. Mdogo wangu alinipigia saa moja asubuhi analia kama kafiwa na kaka. Tuliiangalia tena wikiendi ile, nyumbani, kwenye laptop, na ile sini ya T'Challa anakutana na baba yake kwenye uwanda wa wahenga, anapiga magoti, baba anamwambia simama, wewe ni mfalme, hatukuweza kuivuka kwa muda. Nilimpenda yule kaka na nilimheshimu. Hata ile lafudhi ya Kiafrika alishikilia mwenyewe wakati wenye muvi walikua na wasiwasi nayo, alisema mfalme ambaye hajatawaliwa hawezi kuongea kama aliyesomea Ulaya. Kununa kwangu hakujawahi kumgusa yeye.

Sasa hivi mdogo wangu ni mtu mzima, anaishi Dodoma, na akija likizo bado tunaiweka. Tumeshakubaliana utaratibu. Yeye anashika rimoti mpaka maporomoko, mimi naishika kuanzia museum. Nikifika pale jua linazama na yule kijana anachomoa kisu kifuani mwake mwenyewe, nazima. Oakland huwa siifikii.